Ugali Usioombewa

Sogea, nikueleze jambo hili taratibu, na ukiona nimekwenda haraka nirudishe nyuma. Najua wewe unasoma kwa macho, lakini mimi nimezoea kuongea na watu walioketi kwenye jamvi, mmoja ananyonyesha, mwingine anachambua mboga, kwa hiyo nitaongea na wewe hivyo hivyo. Nataka kukueleza namna mtu anavyoweza kumtumikia Mungu miaka mingi, kwa bidii ya kweli, na bado imani yake ikachacha kama uji uliosahauliwa chunguni. Niliiona ikichacha nyumbani kwa wakwe zangu huko Handeni, mwaka wa njaa, watu walipokuwa wamekwisha kuhamishiwa vijiji vya Ujamaa. Niliona kinyaa. Lakini usikimbie, kinyaa si habari yote.

Mimi ni mzaliwa wa Vugiri, milimani Korogwe, ambako ukungu hukaa mlangoni hadi saa nne na mtoto hajui kiu ni nini. Niliolewa na Mzigua, nikashuka naye Handeni. Mume wangu alikuwa kibarua katika mashamba ya mkonge upande wa Korogwe, anakuja nyumbani akipata nafasi, anakaa siku mbili, anarudi. Kwa hiyo niliishi na baba mkwe na mama mkwe, na binti yangu wa kwanza ambaye mwaka huo alikuwa bado hajaota jino hata moja.

Baba mkwe alikuwa mzee wa kanisa. Wakristo tulikuwa wachache pale, majirani zetu wengi walikuwa Waislamu, na kanisa letu lilikuwa kibanda cha udongo chenye bati. Bati hilo lilikuwa na historia yake, na baba mkwe aliihubiri kuliko Injili. Alipokuwa kijana aliyabeba mabati yale kichwani, kutoka Korogwe mpaka kule kwao upande wa Sindeni, kwa miguu, safari baada ya safari. Utosini alikuwa na mahali ambapo nywele hazikuota tena. Mgeni akija, kabla hajamaliza kunywa maji, mzee ataivua kofia.

"Gusa hapa," atasema. "Usiogope, gusa. Hili ni kovu la kazi ya Mungu."

Eneo la kanisa lile la kwanza lilitoka katika shamba lake, kando ya michungwa yake. Mwinjilisti wa kwanza alilala nyumbani kwake na kula kuku zake. Yote haya yalikuwa kweli, wala simpunguzii hata chembe. Halafu amri ya kuhama ikaja. Watu wakahamia kijiji kipya kwenye tambarare, upande wa Kabuku, karibu na barabara. Michungwa ikabaki porini. Mabati yakang'olewa na kupigiliwa upya kwenye kanisa jipya, na matundu ya misumari ya zamani yakabaki wazi. Mwaka ule hayakuvuja, maana mvua haikunyesha.

Nilipoolewa, nilipenda kusikia baba mkwe akiomba. Alianza daima hivi: "Bwana, unajua nilichokufanyia." Mimi, msichana wa milimani, nilidhani ni maneno ya rafiki na rafiki yake. Ilinichukua muda kutambua kwamba ni maneno ya mtu aliyesimama mlangoni kwa jirani, amenyoosha mkono, anasubiri chake.

Sasa nikueleze sheria ya nyumba ile, maana bila hiyo hutaelewa kilichotokea. Chakula chochote kilichopikwa kilipelekwa kwanza barazani, kwenye jamvi, mbele ya baba mkwe. Vyungu vyote, cha wanaume na cha wanawake. Yeye alifunua, akaomba, akamega tonge la kwanza. Ndipo sisi wanawake tulipochukua chetu na kurudi nacho jikoni. Kisichoombewa hakikuliwa. Mama mkwe alinifundisha hivyo wiki ya kwanza, na alipoona nina mimba aliongeza la kwake: chakula kisichoombewa, mama akikila, hushuka kwenye maziwa na kumsumbua mtoto. Niliamini. Usinicheke, pale kila mama wa kanisani aliamini hivyo, na aliyetufundisha alikuwa na nia njema.

Njaa ilipozidi tulikuwa tukila mchunga uliochemshwa na maembe mabichi. Mchunga ni mboga chungu ya porini; ukiula siku moja ni dawa, ukiula kila siku ni adhabu. Maziwa yangu yakaanza kupungua. Mtoto alivuta, akaachia, akanitazama kama mtu aliyedanganywa, akalia. Kilio chenyewe kilikuwa kinapungua nguvu siku hadi siku, na hilo ndilo lililonitisha. Mtoto anayelia sana bado ana kitu tumboni.

Basi zikaja habari kwamba gari la chakula limefika Kabuku. Balozi wetu wa nyumba kumi akaita watu, tukapanga foleni na vikapu na madebe. Gunia la kwanza lilipofunguliwa, tukaona unga ni wa njano. Wa njano kabisa, kama kiini cha yai. Na ulinuka. Gari lilikuwa limepakia pipa la mafuta ya taa pamoja na magunia, na njia ni ya mashimo, wewe fikiria mwenyewe.

"Huu ni unga au ni dawa ya kupaka ukutani?" akauliza mama mmoja.

"Huu Ulaya wanawapa ng'ombe," akasema mwingine. "Mimi nimeambiwa."

"Basi jioni ukimwona mume wako anacheua, mfunge kamba mapema."

"Wangu hata sasa hivi anacheua. Nitajuaje?"

Foleni nzima ikacheka. Ulikuwa mzaha wa watu wenye njaa, hauna sumu. Kila mmoja alikinga kikapu chake vizuri, akapokea, akaondoka. Sikumsikia hata mmoja akisema rudisheni.

Nilisonga ugali jioni ile jua likiwa bado juu ya miti. Sitakudanganya kwamba ulikuwa mzuri. Mvuke ulipopanda, harufu ya mafuta ya taa ilinipanda puani, nikatoka nje mara moja kuvuta hewa. Lakini tumbo lenyewe lilikuwa linaomba. Nikaupakua, nikafunika, mama mkwe akabeba bakuli la mchunga, tukaenda barazani.

Baba mkwe akafunua.

"Hiki ni nini?"

"Ni ugali, baba," nikajibu.

"Sikukuuliza kinaitwaje. Nimeuliza ni nini."

"Ndio unga uliogawiwa leo, mzee wangu," mama mkwe akasema. "Ndio kijiji chote kinachopika."

Aliinama, akanusa. Halafu akatema mate. Hakugeuka pembeni. Mate yalianguka pale pale kwenye ukingo wa jamvi, karibu na bakuli, nikayaona yakitambaa kuelekea kwenye ukili. Nilikuwa nimeona wagonjwa, nimeona vidonda, nimesafisha watoto wa watu. Hakuna kilichowahi kunipa kinyaa kama yale mate mbele ya chakula.

"Ondoeni," akasema. "Mimi siwezi kufumba macho nikamwambia Mungu asante kwa lishe ya ng'ombe. Nitakuwa mwongo."

"Na huyu anayenyonyesha?" mama mkwe akauliza, akinielekezea kidevu.

"Katika nyumba hii hakiliwi kisichoombewa. Na hiki sikiombei. Mungu ataleta cheupe. Anajua anwani." Akaigonga kofia yake pale penye kovu. "Wengine wanakwenda kwake kuomba. Mimi sina ninachoomba. Ninamdai."

Tuliurudisha ugali jikoni na kuufunika. Utaniuliza kwa nini sikula kwa siri, na ni swali zuri. Nilikuwa mkwe, mgeni, mume wangu hayupo, na niliogopa kile kitu kushuka kwenye maziwa. Njaa niliijua, lakini hofu ile sikujua namna ya kuibishia. Mama mkwe naye alikaa karibu na chungu, amekunja mikono, anakitazama kifuniko. Tukala mchunga mtupu, ambao mzee aliuombea tulipokuwa tunaondoka, kwa sentensi moja.

Kesho yake asubuhi baba mkwe akachukua fimbo na ufunguo wa kanisa, akatoka. Akarudi karibu na adhuhuri amebeba kikapu kidogo, amekifunika kwa kofia yake. Ndani mlikuwa na mahindi meupe. Machache, lakini meupe, makavu, safi.

Nayo lazima nikueleze yalikotoka. Wanawake wa kanisa letu walikuwa na desturi: kabla hujapika, unatenga konzi moja ya nafaka, hata siku ya shida, na Jumapili unaipeleka kanisani na kuimimina kwenye debe lililokaa nyuma ya mlango. Debe lile lilikuwa la wajane na wagonjwa. Mwaka ule lilikuwa linamlisha bibi mmoja kipofu ambaye hakuwa na mtu. Wengi walikuwa wameacha kutenga kwa sababu hawakuwa na cha kutenga, kwa hiyo kilichobaki kwenye debe kilikuwa kidogo sana, na kila mama alikijua kama anavyojua watoto wake.

Mama mkwe alichukua punje moja akaigeuza mkononi.

"Umetoa wapi?"

"Kwa Baba yangu."

"Baba yako amekufa. Nauliza haya umetoa wapi?"

"Kwa Baba yangu wa mbinguni, nyumbani kwake, ambako mabati ni yangu." Akaketi. "Aliyejenga nyumba hawezi kufa njaa mlangoni pake. Twangeni."

Tukatwanga. Ndiyo, tulitwanga, yeye alikuwa mwenye nyumba na sisi tulikuwa na mchi mikononi. Mama mkwe alipiga kinu siku ile kama anayemtafuta nyoka. Nikasonga ugali mweupe, mdogo, wa mtu mmoja na nusu. Katika chungu kingine nikasonga tena ule wa njano, kwa sababu mama mkwe aliniambia kwa sauti ndogo, "Songa na huo, mwanangu. Tuone."

Tukapeleka vyote barazani. Baba mkwe akausogeza wa njano mbali kwa ncha ya kidole, akauvuta mweupe. Akaomba. Niliwahi kusikia maombi mengi, lakini yale yalikuwa marefu kuliko ya Krismasi. Alimshukuru Mungu kwa kuwatenga watu wake na watu wengine. Alimshukuru kwa kutosahau kazi. Alitaja Korogwe, akataja mabati, akataja kuku za mwinjilisti. Mimi nilikuwa nimefumba macho, na mtoto mgongoni analia kile kilio chembamba. Huyu mtu anamshukuru Mungu, nilijiambia, kwa chakula alichokinyakua kwa bibi kipofu. Ile haikuwa shukrani. Lilikuwa dai lililovaa kanzu. Alipomaliza kwa amina, sikuitikia.

Akamega tonge, akala. Akamega la pili, akaninyooshea.

"Chukua, mkwe. Upate maziwa."

Lilikuwa jeupe, laini, moto. Alilishika kwa upole, tena kwa huruma ya kweli. Hakuwa mtu mkatili. Nataka ulione hilo vizuri, maana ukidhani watu wa namna hii ni wabaya hutawatambua wakikaa karibu nawe. Mkono wangu haukwenda, lakini haukurudi pia. Mtoto alikuwa analia.

"Hodi wenyewe!"

Alikuwa jirani yetu, mama wa Kiislamu wa nyumba ya pili, amekuja kurudisha ungo. Alikuwa mwanamke mnene wa maneno na mwembamba wa mwili, na yeye na mama mkwe waliitana shoga tangu siku ya kuhamia, walipokuta nyumba zao hazijaezekwa na wakalala chini ya turubai moja.

"Karibu, shoga."

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

Alikaa ukingoni mwa jamvi. Macho yake yalikwenda kwenye chungu kilichofunikwa, yakaenda kwenye kile cheupe, yakanijia mimi.

"Mbona mwenzetu kafunikwa? Mnamngoja mgeni?"

"Tunangoja uombewe," mama mkwe akasema.

"Kwani ugali una homa?"

Mama mkwe akabana midomo. Baba mkwe akaeleza, kwa heshima, kama anavyoeleza mtu wa dini nyingine, kwamba chakula kile ni cha mifugo na kwamba Mkristo hawezi kumshukuru Mungu kwa kitu asichokitaka.

"Ah!" jirani akasema. "Sisi jana tumesema Bismillahi tukala, tukasema Alhamdulillahi tukalala. Asubuhi nikamkagua mume wangu mkia. Bado."

Mama mkwe akacheka. Alicheka mpaka akashika ubavu, na ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akicheka tangu mvua zikosekane. Baba mkwe hakucheka. Mtoto akalia tena, na jirani akanyoosha mikono, nikamfungua mgongoni na kumpa. Akamtazama usoni, akampapasa utosi, halafu bila kuniuliza akaweka kiganja chake kifuani kwangu, kama wanavyofanya mama zetu.

Mzaha ukamtoka usoni.

"Hapa hamna kitu," akasema. "Shoga, huyu mtoto ananyonya ngozi."

Baba mkwe alikuwa bado ameshika tonge. Mama mkwe alipiga magoti. Kwa miaka yote ya ndoa yake hakuwahi kuomba kwa sauti mbele ya mumewe. Kanisani alifungua kinywa kwa ajili ya kuimba tu. Akavuta chungu cha njano, akakifunua, harufu ikatupiga wote.

"Mungu," akasema, "asante kwa unga huu. Unanuka mafuta ya taa, nawe unasikia. Aliyeulima simjui. Aliyeupakia simjui. Wewe unawajua, nao wape cha jioni. Mpe huyu maziwa. Amina."

"Amin," jirani akaitikia.

Akamega tonge la kwanza. Hakulipeleka kwa mumewe. Alilichovya kwenye mchunga na kuliweka kwenye kiganja changu, akaufunga mkono wangu kwa mkono wake, kama mtu anayempa mtoto kitu kisichotakiwa kupotea.

"Nani amekupa nafasi ya kuomba katika nyumba yangu?" baba mkwe akauliza. Sauti yake ilikuwa ndogo.

"Nafasi umeiacha wazi mwenyewe tangu jana, mzee wangu. Kula, mwanangu."

Nikala. Ugali ulikuwa na ladha ya taa ya chemli. Nilicheua mafuta ya taa mpaka jioni, na jirani akaniambia huko ndiko kucheua kwenyewe, sasa nitafute pembe. Nilikula nikashiba. Baba mkwe aligeuza mgongo, akamaliza ugali wake mweupe peke yake, na niliona chembe ya ugali imenasa kwenye ndevu zake. Hakuna aliyemwambia aifute.

Maziwa hayakurudi siku ile. Yalirudi polepole, kwanza kidogo cha alfajiri, halafu kidogo cha mchana, mpaka asubuhi moja mtoto alivuta, akameza, akavuta tena, akasinzia na chuchu mdomoni. Nilikaa pale jikoni sikusogea, nisije nikamwamsha. Mama mkwe alisimama mlangoni na kuni mikononi akitutazama, halafu akazishusha chini moja moja ili zisigongane.

Sasa nisikilize vizuri hapa, maana hapa ndipo wengi wanaponikatiza wakisema: mama, basi unataka watu wakubali kila uchafu na kusema asante? Sivyo. Asubuhi iliyofuata siku ile chakula kilipoliwa, mama mkwe alikwenda kwa balozi akamwambia mbele za watu kwamba gari linalobeba chakula lisibebe pipa la mafuta ya taa, na kwamba kama wanaume hawajui kupakia mizigo wawaachie wanawake. Balozi alilipeleka neno hilo mbele. Magunia yaliyofuata yalikuwa ya njano vile vile lakini hayakunuka. Kisha akamwomba mumewe ufunguo wa kanisa. Alimwomba kila siku, kwa adabu, kila alipompelekea maji ya kunawa, mpaka akampa. Na katika mgao wetu wa unga wa njano alianza kutenga konzi moja kabla ya kupika, akaipeleka kwenye lile debe. Wenzake walipomwona nao wakaanza. Bibi kipofu alikula ugali wa njano hadi mavuno, na nasikia aliusifu, kwa kuwa rangi hakuiona na pua yake ilikuwa imechoka.

Ukiyaweka pamoja utaona mama mkwe alitumia kinywa kimoja kushukuru na kudai. Tofauti ni kwamba alijua nani wa kumdai. Aliyepakia magunia ovyo alidaiwa. Mumewe alidaiwa ufunguo. Mungu hakudaiwa, kwa sababu kwake hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kutangulia kutoa. Baba mkwe alibeba mabati, sawa. Lakini shingo iliyoyabeba aliitoa wapi? Nilimsikia mama mkwe akimuuliza hivyo hivyo, siku moja wakiwa wanapukuchua kunde. Mzee aliendelea kupukuchua.

Kwa mzee mambo yalikwenda polepole kuliko maziwa. Mahindi meupe yalikuwa yamekwisha, ufunguo hanao. Siku kadhaa aliishi kwa mchunga na ukaidi, akakonda mpaka kofia ikawa inamshuka kwenye nyusi. Mama mkwe hakumbembeleza na hakumsema. Kila chakula alikipeleka barazani kama zamani, akafunua, akangoja kidogo. Mzee akinyamaza, aliomba yeye, akanimegea mimi, tukaondoka, akaliacha bakuli la mzee pale pale.

Jioni moja tulipofunua, mzee akavua kofia. Akaanza kama kawaida yake: "Bwana, unajua nilicho..." Akasimama hapo. Kuku walipita. Nilifumbua jicho moja nikamwona anautazama ule ugali kwa kinyaa kile kile cha siku ya kwanza, pua imekunjamana, na machozi yanamshuka kwenye mikunjo.

"Asante," akasema. Hakuongeza hata amina.

Akamega tonge, akalitazama, akaninyooshea mimi kwanza. Kisha akamega lake, akaliweka mdomoni, akatafuna akiwa amefumba macho kama mtu anayekunywa mwarobaini.

"Mboga ipo," mama mkwe akasema, akamsogezea bakuli.

Sitaki ufikiri mzee aligeuka malaika. Mpaka anakufa wageni waliendelea kugusa lile kovu. Na mimi sikumpenda upesi. Ilinichukua muda kukaa karibu naye bila kuyakumbuka yale mate. Lakini maombi yake yalibadilika mwanzo wake. Hakurudia tena "unajua nilichokufanyia." Alianza na asante, akataja kilicho mbele yake kwa jina, mihogo ikiwa mihogo, uji ukiwa uji, na mara nyingi aliishia hapo.

Siku hizi nafundisha akina mama kanisani, huku Korogwe, na kila mwaka yupo mmoja anayebaki wenzake wakiondoka. "Mama," ananiambia, "mimi naimba kwaya, nafagia kanisa, sikosi sadaka. Mbona Mungu hanipi?" Sitaficha: kinyaa cha zamani hunipanda. Halafu namwangalia vizuri na kuona ni mtu mwenye njaa ya kitu, tena njaa ya kweli, kama baba mkwe alivyokuwa na njaa. Basi namkalisha. Simwambii kwamba shida yake ni ndogo. Namwambia moyo hauwezi kumshikia Mungu dai na shukrani kwa mkono mmoja. Ukitaka kupokea, lazima ushushe kile kidole ulichomnyooshea Mungu, ufungue kiganja. Namwambia pia kwamba jambo hili hufundishika, hata kwa mzee mkaidi, hata kwa kuchelewa, na kwamba halianzi rohoni. Huanza mdomoni na mikononi, na moyo hufuata nyuma kwa mwendo wake.

Kwa hiyo fanya hivi. Chakula kikiwekwa mbele yako leo, kabla hujasema kimepungua nini, kitaje kwa jina na useme asante kwa sauti. Tonge la kwanza mpe aliye na njaa kuliko wewe. Kisha kula.